Asiyefika Kibuye Jumapili hajaijua Kisumu

JUA la Kisumu halimsubiri mtu. Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumapili tayari limekuwa kali juu ya mabati na maturubai ya soko la Kibuye, na vichochoro vilivyo kati ya vibanda vimejaa watu kiasi kwamba anayetaka kupita upesi hujibanza nyuma ya mbeba mzigo, maana huyo ndiye pekee anayepishwa.

Si mbali na hapo, waumini wanatoka katika Misa ya mapema kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, makao ya Jimbo Kuu Katoliki la Kisumu. Baadhi yao hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wakiwa wangali wamevalia nguo za ibada, huingia sokoni kutafuta mboga, samaki wa chakula cha mchana na, wakibahatika, viatu vya mtoto anayerudi shuleni Jumatatu.

Kwa mgeni aliyewasili Kisumu Ijumaa jioni kwa mapumziko ya wikendi, hiyo ni picha asiyoipata katika vijitabu vingi vya utalii. Vijitabu hivyo humwelekeza atazame machweo akiwa Hippo Point, awaone swala katika hifadhi ya Impala, kisha ale samaki wa kukaanga kabla ya kurejea Nairobi. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, anayeishia hapo huondoka akiwa ameliona ziwa na kuukosa mji.

Mji wenyewe ulizaliwa sokoni. Kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi, jina Kisumu linatokana na neno la Kijaluo 'kisuma', yaani safari ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali wakati wa uhaba. Jamii za ufuoni na zile za nyanda za juu zilikutana hapa kabla ya kuwapo barabara wala ofisi ya serikali. Mwenye samaki akatafuta nafaka, naye mwenye nafaka akatafuta samaki.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufuoni tarehe 20 Desemba 1901. Wakoloni waliipa bandari hiyo jina Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mkewe mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Wenyeji waliendelea kupaita mahali hapo kwa shughuli iliyowaleta, na ramani za serikali zikalazimika kuwafuata.

Meli za mvuke zilichukua mizigo kutoka hapo hadi Uganda na ng'ambo ya pili ya ziwa, huku wafanyabiashara wa asili ya Kihindi wakifungua maduka katikati ya mji. Mnara wa saa uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya mmoja wao, Kassim Lakha, ungali umesimama kando ya barabara ya Jaramogi Oginga Odinga, na mgeni aliyepotea njia huelekezwa kwa kuutaja.

Kisha mambo yakageuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shughuli za meli zilianza kufifia. Katika miaka ya 1990, magugu maji yalitanda ziwani hata vyombo vikakwama bandarini. Kisumu ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2001, ilipotimiza miaka 100 tangu reli ifike, lakini wakati huo bandari yake ilikuwa karibu imelala. Kilichoendelea kuwalisha watu ni biashara ndogo ndogo: kilo mbili za mahindi, sahani moja ya omena, shati moja la mtumba.

Ndiyo maana Kibuye ina uzito kuliko sifa yake ya kuwa miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya wazi magharibi mwa Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 397,957 katika mji wa Kisumu. Si rahisi kuipata familia miongoni mwao ambayo haijawahi kuvaa, kula au kulalia kitu kilichopitia soko hilo.

Ramani ya soko

Kibuye iko kando ya barabara kuu ya Jomo Kenyatta, mwendo wa takriban kilomita mbili kutoka katikati ya mji mtu akielekea Kondele na Kakamega. Tuktuk na pikipiki hufika hapo siku nzima. (Neno bodaboda, kwa faida ya asiyejua, lilizaliwa Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli hizo zilitawala barabara za Kisumu kwa miaka mingi kabla ya pikipiki kuziondoa.)

Soko hufunguliwa kila siku, lakini Jumapili ndiyo kilele chake. Wachuuzi hutoka Kisii na ndizi, maeneo ya Waluhya na mahindi, mboga na kuku, Uganda na maharagwe na matunda. Anayetaka kuona shughuli zikiwa zimepamba moto bila kusukumwa mno afike kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mchana joto huzidi, na alasiri mvua ya radi hushuka kwa ghafla kutoka vilimani, kama ilivyo desturi ya mji huu, na kugeuza vichochoro kuwa tope.

Kwa anayeingia kwa mara ya kwanza, soko huonekana kama vurumai. Ukweli ni kwamba kila bidhaa ina mtaa wake. Kuna upande wa nguo, upande wa nafaka, upande wa samaki wakavu, upande wa mbao na samani, na upande wa mafundi wa jua kali ambao huyagonga mabati hadi yakawa masanduku ya wanafunzi, majiko, karai na mitungi ya kunyweshea kuku. Asiyeona njia asikilize: nyundo ziko upande mmoja, na sauti za wauza nguo upande mwingine.

Mitumba ina sheria zake. Nguo hufika zikiwa zimebanwa katika belo, na belo huuzwa ikiwa imefungwa. Hivyo basi mchuuzi hununua asichokiona. Akiifungua, anaweza kukuta mashati yasiyo na doa au makoti ya baridi ya Ulaya ambayo hayana kazi katika joto la Kisumu. Nguo bora kabisa huitwa 'kamera' na huchukuliwa na wateja wa mwanzo, wengi wao wakiwa ni wenye maduka mjini. Zinazobaki hushuka bei siku baada ya siku hadi zifikie daraja liitwalo 'fagia', zinapomwagwa chini na kila mtu kujichagulia.

Kwa hiyo mgeni anayeshangaa kwa nini shati moja linauzwa mara tano ya jingine linalofanana nalo asidhani anadanganywa. Bei ya nguo ya kwanza hubeba hasara ya nguo ya mwisho. Serikali ilipozuia uagizaji wa mitumba Machi 2020 kwa hofu ya korona, kabla ya kuondoa zuio hilo Agosti mwaka huo huo, waliokuwa na belo chache ghalani waliona bei zikipanda, nao wengi waliotegemea kununua na kuuza kila wiki wakabaki bila mtaji.

Samaki na mwezi

Upande wa samaki ndio unaohitaji maelezo marefu, kwa sababu hapo ndipo mgeni anapodhani anajua anachokitazama.

Omena, ambao Watanzania huwaita dagaa, huanikwa juani na kuuzwa kwa gorogoro, yaani kopo linalotumiwa kama kipimo cha kilo mbili hivi za nafaka. Bei yao hufuata mwezi angani. Wavuvi hutoka usiku na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za miale ya jua, kwa sababu mwanga huwavuta samaki hao juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote huwa na mwanga, taa hukosa nguvu na nyavu hurudi nyepesi. Isitoshe, nchini Kenya uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Mwanamke anayeuza omena Kibuye, basi, huwa na kalenda mbili kichwani: ya serikali na ya mwezi.

Ngege, au tilapia, ndiye samaki wa heshima mezani. Mbuta ana historia nyingine. Samaki huyo mkubwa aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu na samaki wengine wadogo wa asili hadi aina nyingi zikatoweka, kisha yeye mwenyewe akawa chanzo cha biashara kubwa ya kuuza minofu nchi za nje. Viwanda hukata minofu na kuisafirisha. Kichwa na mifupa hubaki. Mabaki hayo hukaangwa na kuuzwa kwa jina la 'mgongo wazi', na kwa miaka mingi yamekuwa kitoweo cha wakazi wa mitaa kama Obunga. Mgeni akiyaona yamepangwa juu ya meza, anatazama upande wa pili wa sahani ya samaki iliyoandaliwa katika mkahawa wa Ulaya.

Samaki wamepungua ziwani, na upungufu huo umeleta mambo mawili. La kwanza ni samaki kutoka mbali. Mwaka 2018 mjadala mkali ulizuka nchini baada ya samaki waliogandishwa kutoka China kujaa masokoni, yakiwemo ya Kisumu kwenyewe, kwa bei ambayo mvuvi wa ziwani hakuiweza. Wakati huo huo, ufugaji wa samaki katika vizimba ndani ya ziwa uliongezeka. Kwa sababu hiyo, mgeni aliyesafiri kilomita 350 kutoka Nairobi ili ale ngege wa ziwani ana haki ya kuuliza kwa adabu: huyu ni wa ziwani, wa vizimba au wa China? Mchuuzi mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa hata wateja wake wa kila siku huuliza.

La pili ni zito zaidi. Samaki wakiwa wachache, mvuvi ndiye anayeamua nani auziwe. Katika baadhi ya fuo ilizuka tabia iitwayo 'jaboya', ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Tabia hiyo imetajwa mara nyingi katika maelezo ya kwa nini Ukimwi uliziathiri sana kaunti za ufuoni. Si kila mchuuzi amepitia hayo, na haifai kabisa kwa mtalii kumuuliza mtu habari hizo akiwa kazini. Lakini ni vyema ajue, kabla ya kubishania shilingi 20 kwa nusu saa, kwamba gharama ya samaki aliye mbele yake si nauli na barafu pekee.

Kuongea bei

Bei hujadiliwa, ila si ya kila kitu. Nafaka na omena vina bei inayojulikana soko zima, na ubishi wa mteja huishia kwenye nyongeza, yaani kiganja kimoja zaidi juu ya kipimo kilichojaa. Nguo, viatu na samani ndivyo vyenye nafasi ya majadiliano.

Salamu huja kwanza. 'Oyawore' asubuhi na 'oimore' jioni hufungua milango ambayo fedha pekee haifungui, na 'erokamano' ni shukrani inayotosha. Kiswahili kinaeleweka na wote. Mchuuzi wa makamo huitwa 'mama', na mwanamume mzee huitwa 'mzee' bila kumkosea heshima. Wenyewe kwa wenyewe, wanawake huitana kwa asili ya kwao: Nyar Alego, Nyar Gem, Nyar Sakwa, yaani binti wa mahali fulani. Mgeni aliyenunua kwa mtu mmoja Jumapili mbili mfululizo asishangae akisikia naye amepewa jina la mji wake.

Picha ni jambo la kuombewa ruhusa. Wapo watakaokubali mara moja, wapo watakaokataa, na wapo watakaotaka kwanza mgeni anunue kitu, ombi ambalo haliwezi kusemwa kuwa si la haki. Kupiga picha ya mwanamke ameketi chini kando ya mafungu matano ya nyanya, kisha kuondoka bila hata salamu, ni kuchukua kitu pasipo kukilipia.

Mgeni abebe noti ndogo ndogo au alipe kwa simu, kwani tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hata muuza mboga ana nambari. Aje na kikapu pia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Vikapu vya mafunjo hupatikana hapo hapo, na katika maduka ya ufundi mjini kuna vitu vilivyosukwa kwa magugu maji, adui wa ziwa aliyegeuzwa kiti na kapu.

Kuhusu usalama, tahadhari ni zile zile za soko lolote lenye msongamano: simu ikae mfukoni, mkoba uwe mbele. Wezi wa mfukoni wapo. Hata hivyo, mgeni aliyeibiwa na kupiga kelele aelewe kwamba umati wa Kenya una hasira ya haraka kwa mwizi, na kelele hiyo inaweza kumgharimu kijana maisha yake kwa sababu ya simu. Ni heri kuwaona askari wa kaunti au kamati ya soko.

Usafi wa mji na riziki ya watu

Kwa miaka mingi, mgeni wa Kisumu alipelekwa Lwang'ni. Hiyo ilikuwa safu ya vibanda vya mabati ufuoni karibu na bandari, ambako samaki mzima alikaangwa na kuletwa na ugali na kachumbari huku mawimbi yakigonga mawe. Jina lenyewe ni neno la Kijaluo lenye maana ya nzi, na halikumzuia mtu yeyote kula. Wanasiasa, madereva wa malori, wanafunzi na watalii walinawa mikono kutoka kwenye birika moja.

Mwaka 2019 vibanda hivyo vilibomolewa ili kupisha ukarabati wa bandari, kwa kuwa vilisimama kwenye ardhi ya reli. Majengo mengine mengi ya biashara katika ardhi hiyo yalikumbwa na tingatinga kipindi hicho. Baadaye baadhi ya wafanyabiashara walipewa nafasi katika jengo la Uhuru Business Park, wengine walitawanyika.

Hoja ya serikali haikuwa ya kupuuzwa. Bandari iliyofufuliwa huleta kazi, na reli ya zamani ya kutoka Nakuru ilikarabatiwa hata treni ya abiria kutoka Nairobi ikarejea Desemba 2021. Mei 2022, Kisumu ikawa mji wa kwanza wa ukubwa wa kati kuandaa kongamano la Africities, lililowaleta viongozi wa miji kutoka bara zima. Barabara zilipanuliwa, njia za watembea kwa miguu zikawekwa, bustani zikapandwa maua.

Swali ni kama mji unaweza kujipamba kwa ajili ya wageni bila kuwafukuza wale ambao wageni walikuja kuwaona. Mtu hasafiri kutoka Nairobi, sembuse Uholanzi, kuja kutazama njia ya miguu iliyotandazwa matofali. Walioketi Lwang'ni walikumbuka samaki na mazungumzo, na hakuna anayejua ni wangapi miongoni mwao wameona sababu ya kurudi.

Miji mingine imepitia njia hiyo. Wanaozuru Accra, mji mkuu wa Ghana ulio kwenye pwani ya Atlantiki, huambiwa mapema kwamba asikose Makola, soko linaloendeshwa zaidi na wanawake. Wachache hujua kwamba mwaka 1979 utawala wa kijeshi wa Jerry Rawlings ulilibomoa soko la Makola Namba Moja, ukiwalaumu wanawake hao kwa kuficha bidhaa na kupandisha bei. Soko liliondoka na uhaba ukabaki, kwa sababu chanzo chake kilikuwa uchumi uliokwisha kuharibika. Biashara ilirudi Makola, na leo ndiyo inayotangazwa kwa watalii. Huko Lomé, Togo, ni moto ulioliteketeza soko kuu Januari 2013, soko lililowatajirisha wauza vitenge hadi wakaitwa Nana Benz kwa sababu ya magari ya Mercedes waliyoyamiliki.

Kibuye nayo imewahi kuwaka moto, na kwa miaka mingi imekuwa katika mipango ya kujengwa upya kwa mtindo wa kisasa. Hakuna mchuuzi anayependa kunyeshewa, na vyoo, maji, taa na njia ya magari ya zimamoto si anasa. Mashaka yao ni mengine. Soko la wazi humruhusu mwenye mtaji wa shilingi 1,000 kutandaza gunia na kuanza biashara siku hiyo hiyo. Jengo lina vyumba, vyumba vina kodi na orodha ya majina, nayo orodha huwa na watu wanaojua kuingia na wengine wasiojua. Aidha, mteja aliyebeba gunia la mahindi hapandi ngazi kutafuta nyanya orofa ya pili. Aliyepewa nafasi huko juu hurudi kutandaza barabarani, kisha huitwa mvunja sheria.

Hayo yamekwisha kuonekana katika masoko mengi ya Kenya yaliyojengwa kwa fedha nyingi na kubaki nusu tupu huku barabara zilizoyazunguka zikijaa. Wapangaji wa Kisumu wana nafasi ya kujifunza kabla ya simiti kukauka: paa refu lililo wazi pande zote, sakafu moja, na eneo la Jumapili kwa wale wasio na kibanda cha kudumu.

Kwingine kwa kuzuru

Mwenye siku ya ziada aende Kit Mikayi, kiasi cha kilomita 30 kwenye barabara ya Bondo, ambako mawe makubwa yamepandana kama yaliyopangwa kwa mkono. Jina lina maana ya jiwe la mke wa kwanza, na watu huenda kusali hapo hadi leo. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1980 lina boma la jadi la Kijaluo lililojengwa kwa kipimo kamili. Atakayeuliza kwa nini nyumba ya mke wa kwanza ilisimama mahali ilipo ataeleweshwa mengi kuhusu jamii hii. Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, hufikiwa kwa mashua.

Kila anayepanda chombo avae jaketi la kuokolea, hata nahodha akisema maji yametulia. Ziwa hili hubadilika kwa dakika chache. Viboko wapo, na kuingia majini ufuoni kunaweza kumwambukiza mtu kichocho. Malaria imeenea katika eneo lote, kwa hiyo dawa ya kinga na chandarua si mambo ya kuachia hoteli.

Baada ya soko, hata hivyo, mahali pa kumalizia Jumapili ni Dunga, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji. Hapo samaki huchaguliwa akiwa mbichi, bei huafikiwa kabla hajaingia kwenye mafuta, na mlaji huarifiwa asubiri. Kusubiri ndiko kwenyewe. Pembeni kuna mafunjo wanamoishi ndege adimu, na njia ya mbao humfikisha mgeni karibu nao. Maji ya ziwa yalipopanda mno mwaka 2020, sehemu ya ufuo huu ilizama, na wakazi wataonyesha yalikofika.

Jua huzama kabla ya saa moja jioni. Wakati huo huko Kibuye wauza nguo huwa wanaita 'fagia' kwa sauti zilizokauka, maturubai yanakunjwa, na mikokoteni inavuta mabaki kuelekea stoo. Ufuoni Dunga, iwapo ni msimu wa omena na mwezi haujatoka, taa za wavuvi huanza kuwaka moja baada ya nyingine upande wa maji hadi upeo wote unafanana na mji mwingine. Aliyekuja wiki ya mbalamwezi hatazikuta taa hizo; itambidi apange safari nyingine, na bila shaka atagundua kwamba bei ya gorogoro nayo imepanda.